Nikichelewa Kazini, Ni Mungu au Ni Mvua?

Masika hii sanduku la maswali limejaa kero. Sio uchumba wala mahari kama kawaida yenu, ni mvua, luku, foleni, wapangaji, wakwe. Na kila anayeandika anaishia pale pale, Mungu ana maana gani na hili? Nimechagua barua nne na meseji moja, barua zenyewe nimezipunguza maana wengine mnaandika kama mnatoa ushahidi mahakamani, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Kimara, nauza duka la vitambaa Kariakoo, la mtu sio langu. Wiki iliyopita kila siku kitu. Jumatatu mvua imepiga usiku kucha, Jangwani maji yamejaa barabara imefungwa, tumekaa Magomeni ndani ya daladala mpaka saa nne, nafika dukani bosi kashanikata siku. Jumatano luku imeisha niko kazini, narudi usiku samaki wa elfu kumi na tano wameshanuka kwenye friji. Ijumaa simu imeniponyoka ikazama kwenye ndoo. Jumapili nikawasimulia wenzangu kwenye ushirika wetu wa nyumbani, dada mmoja akasema hakuna kinachotokea bila kusudi, akatoa ushuhuda kwamba kuna siku aliachwa na basi la Mbeya akalia sana, kumbe lile basi likapata ajali njiani. Watu wakapiga makofi. Tangu hapo sina raha, mimi Mungu ameniepusha na nini? Nimetafuta sioni. Labda ananiambia kitu sisikii, au mimi sio wa kuepushwa. Nisaidie mama. (Binti wa Kimara)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na pole ya kwanza ni ya samaki maana elfu kumi na tano sio hela ya kuchezea.

Tuanze na ule ushuhuda wa basi manake naona ndo umekuharibia wiki kuliko hata mvua. Simkatazi yule dada kushukuru, mtu amenusurika asishukuru atakuwa mtu wa namna gani. Shida ni kinachobaki makofi yakiisha. Ndani ya lile basi kulikuwa na watu waliowahi, wameamka saa tisa usiku, wengine wamepiga magoti mlangoni kabla hawajatoka, na wao walikuwa na Mungu huyo huyo. Sasa nikisimama nikasema mimi nilichelewa kwa sababu Mungu ananipenda, wale waliowahi nawaambiaje? Na ndugu zao wakiwa wamekaa hapo hapo kwenye ushirika, watapiga makofi?

Yesu aliulizwa kitu cha namna hii, soma Luka 13. Watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, yeye akawaongezea habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Alafu akageuka akawaambia wao watubu, basi. Kwanini mnara ulianguka hakusema, na kama kuna mtu angeweza kutueleza ni yeye. Naye Mhubiri 9:11 anasema wazi kwamba wakati na bahati huwapata wote. Hiyo imo kwenye Biblia yako pia ingawa sijawahi kuona imeandikwa kwenye kioo cha nyuma cha daladala.

Najua utaniambia mama mbona Warumi 8:28. Haya, fungua. "Katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema." Tunaisoma mpaka hapo tunafunga kitabu, kila mtu anajaza mwenyewe hayo mema ni nini, mwingine nyumba, mwingine kuepushwa ajali. Ila mstari wa 29 ndo unataja hayo mema, kwamba tufananishwe na mfano wa Mwana wake. Yaani kinachotengenezwa katika yale mambo yote ni wewe, tabia yako, moyo wako. Hapo samaki kuoza kunaweza kuwa na nafasi bila mtu kulazimika kusema Mungu ndo aliyezima friji.

Na sikatai kwamba kuna siku kero inakuwa mlango. Nenda 1 Samweli 9. Mzee Kishi kapotelewa na punda, kijana wake Sauli anatumwa na mtumishi wakawatafute, wanazunguka milima ya Efraimu, nchi ya Shalisha, nchi ya Shaalimu, hamna punda. Sauli anachoka anasema turudi nyumbani baba asije akaacha kuwaza punda akaanza kuhangaika na sisi. Mtumishi ndo anasema kuna mtu wa Mungu mji ule, tena nina robo shekeli mfukoni ya kumpa. Wanaingia kuulizia punda, Sauli anatoka ametiwa mafuta kuwa mkuu wa Israeli. Lakini angalia mstari wa 15 na 16, Mungu alishamwambia Samweli jana yake kwamba kesho saa kama hii nitakuletea mtu. Msomaji anajua, Samweli anajua, Sauli hajui kitu, yeye ana vumbi miguuni na njaa. Sisi kwenye maisha yetu hatupewi mstari wa 15. Na ukitaka kujua, huyo Sauli aliyeitwa kwa muujiza wote huo alimaliza vibaya sana, kwahiyo hata kujua kusudi sio dawa kama unavyofikiri.

Sasa nikuonyeshe pale ninapopaona mimi. Marko 5, kuanzia mstari wa 21. Yairo, mkuu wa sinagogi, binti yake yuko mahututi, amemwangukia Yesu miguuni na Yesu amekubali, wanaenda. Njiani umati unasonga kama Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni. Mara Yesu anasimama, anauliza nani amenigusa mavazi? Wanafunzi wanamshangaa, watu wote hawa unauliza nani amekugusa? Yairo yuko pale pale pembeni. Biblia haijaandika hata neno moja alilosema muda huo lakini mzazi yeyote anajua tumbo lake lilikuwaje. Na Yesu hana haraka, anangoja mpaka yule mama ajitokeze, mama aliyetokwa damu miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa matabibu, na bado anamsikiliza akieleza yote. Kabla hajamaliza kuongea naye watu wanafika, Yairo, binti yako amekufa, usimsumbue tena mwalimu.

Ule muda ambao kwa Yairo ulikuwa kero mbaya kuliko zote za maisha yake, kwa yule mama ndo ulikuwa zamu yake baada ya miaka 12. Mwisho wa habari binti naye akafufuliwa, alikuwa na umri wa miaka 12 pia. Ila Yairo akiwa amesimama pale hakujua mwisho wa habari.

Kwahiyo mwanangu, pale Magomeni badala ya kuuliza naepushwa na nini, uliza nani yuko na mimi humu ndani. Siti ya nyuma yako kuna mama ana mtoto ana homa wanawahi hospitali, kuna mzee simu yake imezima chaji anataka kuwaambia nyumbani atachelewa, kuna kijana anaenda kwenye intavyuu anatoka jasho. Mpe mzee simu apige, mshikie mama mfuko, mwambie yule kijana awapigie waliomwita mapema awaeleze barabara imefungwa. Sio lazima umhubirie mtu. Tena nakuomba usihubiri, watu wamefungiwa kwenye gari masaa matatu mazima na njaa halafu mtu anasimama na Biblia anapaza sauti hawana pa kukimbilia, huo sio uinjilisti ni utekaji.

Na samaki? Samaki wameoza kwa sababu luku imeisha, usitafute ufunuo. Uwe unaangalia uniti kabla hujatoka asubuhi, na siku ukifika nyumbani umeme hamna ila samaki bado wazima, watie chumvi na ndimu uwakaange wakauke, watalala mpaka kesho, au ita majirani mle wote usiku huo huo, hiyo ya pili naipenda zaidi. Bosi naye kamwone siku akiwa ametulia, umwambie kwa heshima kwamba barabara ilifungwa jiji zima linajua, uulize kama unaweza kufidia muda jioni badala ya kukatwa siku nzima. Akikataa amekataa, ila usikae na hilo moyoni ukisema ni Mungu amepanga, ni yeye amepanga.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nina mke na watoto watatu, tumepanga Morogoro nyumba ya vyumba sita mita moja. Jirani wa ukuta kwa ukuta ana friji, ana pasi, ana hita ya kuogea, ila luku ikiisha anafunga mlango analala mpaka mimi nikanunue kwa ajili ya watoto. Tena saa kumi na moja alfajiri anafungulia redio mahubiri sauti ya juu, ukuta mzima unaongea. Mke wangu ananiambia nivumilie, huo ndo msalaba wangu. Mimi naona nafanywa mjinga tu. Mkristo anatakiwa afanyeje? (Baba Watatu)

JIBU: Amina baba. Umeniletea mambo mawili umeyafunga kitita kimoja, ngoja nikufungulie, kila moja lina njia yake.

Redio kwanza. Kulikuwa na mtawa Mfaransa, Teresa wa Lisieux, Wakatoliki wanamwita Teresa wa Mtoto Yesu, mimi sio Mkatoliki lakini huyu binti namheshimu. Aliingia utawani na miaka 15, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, na muda wote huo hakufanya kitu ambacho gazeti lingeandika. Jioni wakati wa sala ya kimya, nyuma yake alikuwa anakaa sista mmoja mwenye kelele ya ajabu, kama mtu anasugua makombe mawili ya baharini, sala nzima. Teresa anaeleza jinsi alivyotamani kugeuka amkate jicho moja tu yule mwenzake ajue, mpaka jasho linamtoka kwa kujizuia. Akaamua hatageuka. Akaona kwa kuwa siwezi kutosikia, bora nisikilize kwa makini kama vile ni muziki mzuri, na sala yangu yote ikawa kumtolea Mungu huo muziki. Siku nyingine kwenye kufua mwenzake alikuwa anamrushia maji machafu usoni, na hapo pia akakaa asijifute. Mwaka 1927 Papa Pius wa 11 akamtangaza msimamizi wa wamisionari, yeye ambaye hakuwahi kwenda umisionari popote. Wakubwa kanisani waliona kwamba ile vita ya kutogeuka nyuma nayo ni kazi.

Jirani yako na redio yake ni wa aina hiyo. Hakuchukii, pengine hata hajui ukuta ni mwembamba. Mwombe kwa upole apunguze sauti, asipopunguza basi sikiliza, inawezekana siku moja mhubiri akasema kitu cha maana.

Luku ni habari nyingine kabisa. Ile ni hela ya watoto wako na mtu anaichukua anajua anaichukua. Mwambie mama watoto, kwa upendo, kwamba Yesu aliposema mtu ajitwike msalaba wake kwenye Marko 8 alikuwa anazungumzia gharama ya kumfuata yeye na Injili, hita ya jirani haimo. Mwangalie Paulo pale Filipi, Matendo 16. Yeye na Sila wamechapwa bakora, wamefungwa miguu kwenye mkatale, usiku wa manane wanaimba, tunaipenda sana hiyo sehemu tuna mpaka mapambio yake. Lakini asubuhi makadhi wanatuma watu waseme hao waachilieni waende zao, Paulo anagoma! Anasema wametupiga hadharani bila hukumu na sisi ni Warumi, leo wanataka kututoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na wakaja, wakawasihi. Mtu yule yule aliyeimba usiku ndo aliyedai haki yake asubuhi, na sioni mahali ameambiwa ametenda dhambi.

Wewe imba usiku, asubuhi dai. Fuata Mathayo 18:15, nenda kwake peke yako kwanza, usianze na mwenye nyumba wala usimseme bombani. Mwambie kila mwezi nanunua kiasi hiki, tugawane hivi. Akikwepa ita kikao cha wapangaji wote, mkubaliane mchango unaolingana na vyombo mtu alivyonavyo maana mwenye taa mbili na mwenye hita hawawezi kulipa sawa. Na mkiweza kumshawishi mwenye nyumba, kila chumba kifungwe mita yake ndogo, hapo ugomvi unakufa wenyewe. Ukienda kwenye kikao nenda umeshiba na usiende umetoka kulipa luku siku hiyo hiyo, maneno yatakutoka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma. Mchungaji wa fellowship yetu alisimulia akina dada wawili waliofungwa kambi ya Wajerumani wakashukuru mpaka kwa ajili ya viroboto, baadaye wakagundua viroboto ndo vilikuwa vinawafukuza walinzi. Akasema na sisi tushukuru kwa kila jambo, maji yakikatika hosteli tuseme asante Yesu. Nimejaribu. Nikisema asante huku natembea na ndoo tupu najihisi mnafiki. Nina imani ndogo?

JIBU: Hapana, una akili timamu.

Ile habari ni ya kweli, ila imesimuliwa ikakatwa mkia. Ni Corrie na Betsie ten Boom, Waholanzi wa Haarlem, walikamatwa Februari 1944 kwa kuwaficha Wayahudi nyumbani kwao, baadaye wakapelekwa kambi ya wanawake ya Ravensbrück huko Ujerumani. Walikuwa na Biblia waliyoingiza kwa kificho. Bweni limejaa viroboto, Betsie akasema tusome, wakasoma 1 Wathesalonike 5, shukuruni kwa kila jambo, akaanza kushukuru, na viroboto vikiwa humo humo. Corrie alikataa! Alimwambia dada yake kwa viroboto siwezi, kwahiyo ukijiona mnafiki uko na Corrie, sio kampani mbaya. Baadaye ndo wakaja kujua walinzi hawaingii mle ndani kwa kuogopa viroboto, na ndo maana walikuwa wanasoma Biblia na wenzao bila kukamatwa.

Mkia uliokatwa ni huu, Betsie alikufa mle mle kambini Desemba 1944. Viroboto vililinda Biblia, Betsie mwenyewe havikumlinda. Ndo maana shukrani yake ina uzito, hakuwa anafanya biashara na Mungu kwamba nikushukuru unitoe.

Na alishukuru nini hasa? Angalia vizuri, alianza na kwamba wako pamoja yeye na dada yake, kwamba wana Biblia, kwamba bweni limejaa watu hivyo wengi watasikia. Viroboto vilikuja mwisho. Wewe unaanzia kwenye viroboto ndo maana inakukaba. Ukiwa na ndoo tupu mwambie Mungu ukweli, nimechoka, sijaoga, nina kipindi saa mbili. Daudi aliandika Zaburi 13, Ee Bwana hata lini, utanisahau hata milele? Na tunaiimba kanisani. Ukishamwambia hayo, tafuta kitu kimoja cha kweli cha kushukuru hata kama ni mwenzako wa chumbani aliyekuachia lita tano. Kama hakipo leo, nyamaza, kesho utakipata. Halafu mwende na wenzako kwa msimamizi wa hosteli mumuulize kuhusu tanki, hiyo nayo haijakatazwa.

SWALI: Mama shikamoo, niko Moshi, naishi na mama mkwe ana miaka 84, kumbukumbu zimeondoka. Nikipiga magoti asubuhi ananiita, nikiwasha jiko ananiita, mtori amekula sa hivi anasema tangu jana hajapewa chakula, wageni wakija anawaambia namnyima. Zamani nilikuwa naongoza sifa, nilikuwa simkosi Mungu kwenye mkesha wa Ijumaa, sasa hivi hata Zaburi moja siimalizi. Naona nimerudi nyuma kiroho. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, na hongera, ndio, nimesema hongera.

Paris miaka ya 1600 kulikuwa na bruda mmoja wa shirika la watawa Wakarmeli anaitwa Lawrence, aliwahi kuwa askari, mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, wakampanga jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda kabisa. Akakaa humo miaka mingi. Alichojifunza ni kwamba saa ya kazi kwake haikutofautiana na saa ya sala, katikati ya vyombo kugongana na watu kumwita huku na huku alikuwa na Mungu sawa na akiwa amepiga magoti. Watu wa dini wakubwa wakaanza kuja kumuuliza mpishi namna ya kusali.

Bibi akikuita katikati ya Zaburi, nenda na Zaburi mdomoni. Mstari mmoja tu, "Bwana ndiye mchungaji wangu", unauchukua na unamnawisha nao. Na mtori, msibishane kama amekula au hajala, ubishi haumpi kumbukumbu. Bakiza kidogo kwenye bakuli, akisema ana njaa mpe vijiko viwili vitatu, mwambie karibu mama. Watakaosema unamnyima wakaribishe walale wiki moja.

Lakini sitaki ubaki na hilo tu maana naona tunavyowapa wanawake neno la uvumilivu halafu tunaondoka. Marko 6, wanafunzi wamechoka hawana nafasi hata ya kula, Yesu anawaambia njooni kando mpumzike kidogo. Wanapanda mashua, kufika ng'ambo umati umeshawahi kwa miguu. Akawahurumia, akawafundisha, akawalisha wanaume elfu tano. Tunaishia hapo kwenye mahubiri yetu. Soma mpaka mstari wa 45 na 46, alipomaliza aliwalazimisha wanafunzi wapande mashua watangulie, akaaga umati, akaenda mlimani kusali. Ule muda wake ulicheleweshwa ila hakuuacha uende.

Kwahiyo na wewe wa kwako upo na lazima mtu akupe. Bibi ana watoto, mmoja wao umeolewa naye. Mwambie baba wa nyumba kwamba Ijumaa usiku mama ni wake, ndo aliyemzaa yeye. Wifi zako nao wapange zamu hata mara moja kwa mwezi, wakisema wako mbali watume hela ya dada wa kusaidia siku mbili kwa wiki. Kama unaona aibu kusema, mwombe mzee wa kanisa aje nyumbani mkiwa wote, aseme yeye.

MESEJI: Konda kanipitisha kituo Tabata, nikamtukana tusi la nguoni mbele ya watu na nilikuwa nimevaa tisheti ya kwaya. Nataka kumuomba msamaha ila daladala siikumbuki. Itakuwaje?

JIBU: Omba toba kwa Mungu leo, hiyo haihitaji namba ya gari. Konda wa siku ile pengine humpati, ila wenzake wako pale pale, wengi hawajasikia neno zuri tangu asubuhi. Lipa nauli mapema, uwe na chenji, sema "shusha" kituo kimoja kabla hujafika na sio gari likiwa limeshaondoka. Na ukimkuta siku moja ukamkumbuka sura, mwombe msamaha hapo hapo mlangoni abiria wasikie, maana tusi nalo walilisikia. Tisheti ya kwaya endelea kuivaa.